Uyoga Mdogo wa Kichuguu: Namna ya Kuutambua, na Kazi Yake

Mvua za kwanza zikisha kunyesha katika nchi ya Isingiro na Mbarara, mwezi wa Machi na tena mwezi wa Septemba, ardhi iliyokuwa tupu jana huonekana leo imetapakaa vitu vidogo vyeupe, kana kwamba mtu amemwaga bisi. Huo ni uyoga. Watoto hukimbia na mabakuli, akina mama hutoka na vikapu, na jua likipanda hautauona tena isipokuwa sokoni, umepangwa mafungu mafungu.

Kila kabila lina jina lake. Wanyankore wauita obutuzi, Waganda obutiko, Wanyarwanda ibihumyo, na Warundi ubwoba, neno ambalo kwao lina maana ya hofu vile vile. Katika makao ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958 na kutangazwa rasmi mwaka 1960, watu wa mataifa mengi wanaishi pamoja, na majina haya yote husikika katika njia moja. Mimi nimekulia huko, na tangu utoto nimewasikia watu wakibishana juu ya uyoga: upi waliwa, upi hauliwi, na huota kwa sababu gani. Basi, wanafunzi wenzangu, nanyi wakubwa wetu mliosoma hapa zamani, nataka tuuchunguze uyoga mmoja tu, ule mdogo wa kichuguu, tujue ni kitu gani, twautambuaje, na kazi yake ni nini. Tena nitaeleza hatari iliyopo, maana uyoga umewalisha wengi, na umewaua watu pia.

UYOGA NI NINI?

Wengi hudhani kwamba uyoga ni mmea. Sivyo. Mmea una rangi ya kijani, na kwa rangi hiyo hutumia nuru ya jua kujitengenezea chakula. Uyoga hauna rangi hiyo. Hauwezi kujipikia, lazima ule kilichotengenezwa na viumbe wengine. Tena ngozi ya chembe zake imejengwa kwa kitu kiitwacho kitini, ambacho ndicho kilichomo katika gamba la panzi na la kaa. Kwa hiyo wataalamu wameutoa katika jamii ya mimea na kuuweka katika jamii yake yenyewe, jamii ya kuvu, pamoja na ukungu wa mkate na hamira.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba kile tukichumacho si kuvu mzima. Ni tunda lake. Fikiri juu ya mwembe uliozikwa chini ya ardhi, na maembe tu yakachomoza juu. Ndivyo ulivyo uyoga. Mwili wenyewe ni nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zilizotanda katika udongo, katika gogo au katika samadi. Nyuzi hizo huishi miezi na miaka bila kuonekana. Mvua ikija, hutoa matunda, na matunda hayo humwaga spora, yaani vumbi laini sana ambalo kila chembe yake yaweza kuanzisha kuvu mpya. Upepo hulichukua vumbi hilo mbali.

MCHWA WALIO WAKULIMA

Uyoga wetu mdogo una jina la kitaalamu, Termitomyces microcarpus. Maneno hayo yametokana na Kilatini na Kiyunani, na maana yake ni "kuvu wa mchwa, mwenye tunda dogo." Wataalamu wawili Waingereza, Berkeley na Broome, waliueleza mara ya kwanza mwaka 1871 kwa uyoga uliotoka kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Mwaka 1942 Mfaransa Roger Heim akauweka katika jamii ya uyoga wa mchwa na kuupa jina hilo ulilo nalo sasa.

Kwa nini ukaitwa wa mchwa? Hapa pana habari ya ajabu. Mchwa hula majani makavu, nyasi na miti iliyokufa, lakini vitu hivyo ni vigumu kuyeyuka tumboni. Mti una kitu kiitwacho lignini, ambacho ndicho kinachoufanya uwe mgumu, na viumbe wachache sana wawezao kukivunja. Kuvu huweza. Basi mchwa wa jamii hii, ambao aina zao zapita 300, wamefanya shirika na kuvu.

Kazi huenda hivi. Watumishi hutoka usiku, hukata nyasi na vijiti, huvitafuna na kuvimeza, kisha hurudi shimoni na kutoa mavi yao juu ya kitu kama sega la nyuki. Ndani ya mavi hayo zimo spora. Kuvu huota juu ya sega, huvunja lignini, na baada ya siku kadhaa hutoa vidonge vyeupe vidogo ambavyo mchwa huvila. Mwishowe hula na sega lenyewe lililokwisha kulainika. Hivyo mchwa humpa kuvu nyumba yenye unyevu, kivuli, na chakula cha kila siku. Kuvu naye humpa mchwa chakula kilichokwisha kupikwa. Mmoja hawezi kuishi bila mwenzake. Wanadamu tumelima kwa muda wa miaka elfu kumi au zaidi kidogo. Mchwa wamekuwa wakulima kwa muda wa miaka milioni 30 hivi, nao walianza hapa hapa Afrika.

Na hao kumbikumbi, ambao kwetu Uganda huitwa nswa na kukaangwa, je? Hao ndio wafalme na malkia wapya wanaokwenda kuanzisha vichuguu vingine. Katika aina nyingi hawachukui kuvu wanaporuka. Watoto wao wa kwanza ndio watokao kutafuta majani makavu, na juu ya majani hayo huokota spora zilizopeperushwa na upepo kutoka kwa uyoga. Ndiyo kusema, uyoga ukikosa kuota na kumwaga vumbi lake, vichuguu vipya vya aina hizo vitakosa mbegu ya bustani yao.

Uyoga mwingine wa mchwa huota kutoka ndani kabisa ya kichuguu kwa mzizi mrefu unaopenya udongo. Mmoja wao, wa Zambia, kofia yake hufika meta 1 kwa upana. Huu wetu mdogo hufanya vingine. Mchwa wenyewe hulitoa sega la zamani nje, vipande vidogo vidogo, na kulitandaza juu ya ardhi wakati wa mvua. Baada ya siku chache uyoga huota kwenye vipande hivyo kwa mamia. Ndiyo sababu huonekana kama umemwagwa.

ALAMA ZA KUUTAMBUA

Usitazame alama moja ukaridhika. Zitazame zote sita, moja baada ya nyingine.

1. Mahali. Huota juu ya udongo, karibu na kichuguu au mahali mchwa walipo chini ya ardhi. Hauoti juu ya gogo wala juu ya mavi ya ng'ombe.

2. Wingi. Huota kwa kundi kubwa, mamia pamoja. Uyoga mweupe ulioota peke yake, mmoja au miwili mitatu, si huu.

3. Kofia. Upana wake ni sentimeta 1 hadi 2 na nusu, yaani kama ukucha wa kidole gumba au kuzidi kidogo. Rangi ni nyeupe au ya maziwa, na katikati pana kichomozo kidogo chenye ncha. Kofia ikizeeka, ukingo wake hupasuka pasuka.

4. Kurasa. Geuza kofia utazame chini yake. Utaona vipande vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Ni vyeupe mwanzoni, baadaye huwa na rangi ya waridi hafifu, na havikushikamana na mguu.

5. Mguu. Ni mwembamba, una urefu wa sentimeta 2 hadi 5 hivi. Hauna pete katikati, na chini yake hapana kifuko wala kikombe.

6. Chini ya udongo. Usiuvute. Chimba polepole kwa kijiti. Utaona mguu umeshika chembe za sega la mchwa. Mtu anayevunja uyoga juu na kuacha mguu ardhini ameiacha nyuma alama iliyo kubwa kuliko zote.

NDUGU WABAYA

Laiti uyoga wote mweupe ungekuwa mwema! Uko uyoga wa jamii ya Lepiota, mdogo, wenye magamba juu ya kofia na mara nyingi pete mguuni. Aina nyingine za jamii hiyo zina sumu ya kuua. Uko wa jamii ya Amanita, ambao aina zake nyingi zina pete mguuni na kikombe chini yake. Humo ndimo walimo wauaji wakubwa kabisa wa dunia. Tena uko Chlorophyllum molybdites, mkubwa, mweupe, wenye magamba ya kahawia, ambao huota penye majani baada ya mvua. Watu huudhania kuwa uyoga mkubwa wa mchwa. Vumbi lake ni la kijani, na atakayeula atatapika na kuhara sana baada ya saa chache.

Sumu ya Amanita mbaya, ambayo imo pia katika Lepiota mbaya, ina hila. Mtu hula jioni, uyoga ni mtamu, hulala vizuri. Baada ya saa 6 hata 24 huanza kutapika na kuhara. Siku ya pili huona nafuu, naye na watu wake hushukuru kwamba yamepita. Hayajapita. Wakati huo ini linaharibika, na siku ya tatu au ya nne macho huwa ya manjano. Kwa hiyo mtu aliyekula uyoga usiojulikana, akaanza kuumwa saa nyingi baadaye, asingoje nafuu. Apelekwe kituo cha afya upesi, na kutoka huko Mbarara kwenye hospitali ya rufaa ikibidi. Mabaki ya uyoga yachukuliwe pamoja naye, hata kama ni maganda yaliyotupwa jalalani, ili waganga wajue ni sumu gani. Wote waliokula sahani moja waende, hata wale wasioumwa bado.

Mwezi wa Agosti 2021 jamaa mmoja kutoka Afghanistan walihamishiwa Poland, wakawekwa katika makao ya wakimbizi karibu na mji wa Warsaw. Waliokota uyoga msituni karibu na makao yao, wakapika. Ulikuwa ni Amanita mbaya. Watoto wawili, ndugu, mmoja wa miaka 5 na mwenziwe wa miaka 6, walikufa mwanzoni mwa Septemba, ijapokuwa mmoja wao alipandikizwa ini jingine. Habari hii yatuhusu sisi wa Nakivale kuliko watu wengine wote. Mkimbizi huhama na ujuzi wa kwao, lakini misitu haihami naye. Mama aliyejua uyoga wa Kivu hajaujua uyoga wa Isingiro kwa siku moja, na mzee wa Bujumbura vivyo hivyo. Uliofanana na wa nyumbani si lazima uwe ni ule ule.

MANENO YASIYO YA KWELI

Kuna kanuni ambazo watu huambiana, nami nimezisikia kwa lugha nne tofauti. Tuzipime.

"Uyoga ulioliwa na konokono au wadudu ni mwema." Si kweli. Konokono hula uyoga wenye sumu ya kumwua mtu, naye hadhuriki.

"Ukipika pamoja na sarafu ya fedha au kitunguu, na visigeuke rangi, hauna sumu." Si kweli. Sumu ile haigeuzi rangi ya fedha wala ya kitunguu.

"Moto huondoa sumu." Si kweli kwa sumu hii. Haiondoki kwa kuchemshwa, kwa kukaangwa, wala kwa kuanikwa juani.

"Uyoga mtamu hauna sumu." Waliopona wameeleza kwamba uyoga uliowadhuru ulikuwa na ladha nzuri.

Kanuni iliyo ya kweli ni moja, nayo ni fupi: usile uyoga usioujua kwa jina na kwa alama zake zote. Hata ukiujua kwa kusoma kama hivi, mwonyeshe kwanza mwenyeji wa mahali hapo ambaye ameuchuma miaka mingi. Makala haya yatakufundisha namna ya kutazama. Hayawezi kuwa macho ya mzee aliyezaliwa kando ya kichuguu hicho.

KAZI YAKE KATIKA NCHI

Sasa tuulize: kama watu wasingeula, uyoga huu ungekuwa na faida gani?

Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Kila mwaka nyasi hukauka, matawi huanguka, miti hufa. Kama visingekuwapo viumbe vya kuvunja vitu hivyo, tungekuwa tumefunikwa na takataka zamani, na chakula cha mimea kingebaki kimefungwa ndani yake kama fedha iliyofukiwa. Katika misitu yenye unyevu kuvu huweza kuifanya kazi hiyo juu ya ardhi. Katika nchi kavu kama yetu, yenye migunga na nyasi, kuvu angekufa kwa jua. Mchwa humchukua chini na kumwekea unyevu, naye huendelea kufanya kazi hata wakati wa kiangazi. Sehemu kubwa ya nyasi na miti iliyokufa katika nchi hizi huvunjwa na shirika hilo.

Matokeo yake twaweza kuyaona kwa macho. Yeyote apitaye kutoka Mbarara kuelekea Ziwa Nakivale, au atembeleaye Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo iliyofanywa hifadhi mwaka 1983, ataona vichaka vimesimama mbali mbali kama visiwa katika bahari ya nyasi. Chini ya vingi vya vichaka hivyo pana kichuguu. Wataalamu waliovichunguza vichuguu vya Mburo walikuta kwamba udongo wake una chakula cha mimea kuliko udongo wa kandokando, na miti ni mingi zaidi hapo. Mashimo ya mchwa pia hupitisha maji ya mvua yakaingia ardhini badala ya kukimbia bure na kuchukua udongo. Wakulima wetu walijua hayo bila kitabu. Wengine huchukua udongo wa kichuguu na kuutawanya shambani.

Tena uyoga huu umeingia katika mila. Waganda wana ukoo uitwao Butiko, ambao mkuu wake huitwa Gunju, na mwiko wao ni uyoga, wao hawauli. Kitu kilichopewa heshima ya kuwa jina la ukoo si kitu kidogo.

YATUPASAYO

Katika Nakivale uyoga si kitoweo cha anasa. Mwaka 2020 mgao wa chakula cha wakimbizi katika Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2021 ukapunguzwa kufika asilimia 40, na baada ya hapo wengi wamepungukiwa zaidi. Nyumba ikiwa haina maharagwe, mtoto hutumwa porini. Uyoga una protini nzuri, hauombi jembe wala mbegu, wala haununuliwi na aliyetangulia kuamka. Lakini mtoto mwenye njaa hachagui vizuri. Kwa hiyo jambo hili la kuzijua alama ni jambo la chakula na la uhai pia.

Liko na jambo la pili. Vichuguu vinavunjwa ili udongo wake ufanywe matofali, maana ni udongo mzuri unaoshikamana. Miti mikavu yote inaokotwa kwa kuni, na mingine inachomwa makaa. Simlaumu mtu, nyumba lazima ijengwe, na chungu lazima kichemke. Lakini mchwa asipopata mti mkavu hamlishi kuvu, na kichuguu kikichimbwa mpaka chini kwa malkia, uyoga wa hapo umekwisha. Nashauri mambo mawili ambayo hayana gharama. Kwanza, penye vichuguu vitatu, kimoja kiachwe kizima, hasa kile ambacho uyoga umezoea kuota karibu yake. Pili, wakati wa kuchuma, tuache sehemu ya uyoga uliokwisha kufunguka, umwage vumbi lake, maana huo ndio mbegu ya vichuguu vijavyo.

ZOEZI

Kila darasa laweza kufanya jaribio hili bila chombo cha thamani. Chukua kofia moja iliyofunguka vizuri, kata mguu wake, uilaze kurasa zikitazama chini juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu ni nyeusi. Ifunike kwa glasi usiku kucha. Asubuhi iondoe polepole; utaona picha ya kurasa imeandikwa kwa vumbi la spora. Uyoga wa mchwa huandika kwa rangi ya waridi hafifu. Amanita huandika kwa rangi nyeupe, Lepiota kwa nyeupe au ya maziwa, Chlorophyllum molybdites kwa kijani. Jihadhari: vumbi la waridi peke yake halitoshi, maana jamii ya Entoloma nayo huandika kwa waridi, na baadhi yake ina sumu. Hiyo ni alama ya kuongeza juu ya zile sita. Baada ya kugusa uyoga, oshe mikono kila mtu.

Mwisho, nawaomba wakubwa wetu mliotoka shule hii, hasa mnaofundisha au kutibu watu huko Rwamwanja, Kyaka na kwingineko, mtuandikie majina ya uyoga mnayoyasikia katika lugha za watu wenu, pamoja na alama ambazo wazee huzitazama. Tukiyapata tutayapanga katika jedwali moja, lugha kwa lugha, na kulibandika kwenye vituo vya maji Nakivale kabla ya mvua za Septemba.